Supu ya Mifupa ya Kale

Wenzangu, nimeaibika. Kazi yangu ni kusafisha mifupa ya wanyama inayofukuliwa kwenye magofu, ili watafiti wajue watu wa kale walikula nini. Jumamosi niliiloweka ya mbuzi na kasa kwenye sufuria nyumbani, Chumbageni, nikaenda sokoni. Niliporudi nikamkuta mama mkwe amekuja kututembelea, na supu ameshanipakulia. Nikanywa mabakuli mawili, nikaisifu.

"Nimeitia tui," akasema. "Hiyo mifupa uliyoiloweka haina hata mafuta, mwanangu."

Kijiko kikanidondoka. Kabla sijakiokota, bosi wangu akabisha hodi.

"Nimefuata ile mifupa," akasema.

Mama mkwe akamvutia kiti. "Karibu, baba. Supu imebaki ya bakuli moja."