Skripti ya Hakikisha

Ukimpa shoga yangu Hakikisha kikombe cha chai, ataangalia chai, ataangalia uso wako, ndipo aonje. Jina hilo tulimpa sisi wa chumba cha programu, maana ndilo neno lake la kutwa nzima. Akifunga mlango wa ofisi anausukuma, anaondoka, anarudi kuusukuma tena. Mimi nakaa meza ya pili yake, na sifichi: ananichosha, na nampenda.

Kazi yetu ni programu ya kuuzia tiketi za mabasi. Kampuni ilianza kuhama kutoka ghala la kale la programu kwenda ghala jipya, na mpaka leo haijafika. Ghala, kwa asiyejua, ni mahali ambapo kila badiliko tunaloandika huhifadhiwa pamoja na jina la aliyeliandika. Baadhi yetu bado tunaandika kwenye la kale, ila wateja wanapata programu kutoka lile jipya. Katikati ipo skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha, aliyoitunga Hakikisha mwenyewe, inayobeba mabadiliko kutoka huku kwenda kule. Ikimaliza inaandika "Imekamilika" na kunyamaza.

Basi mdogo wa kiume wa Hakikisha akaajiriwa kwetu. Ungedhani dada mtu angefurahi. Wapi! Alimkaba koo tangu siku aliyoingia.

"Huyu namjua toka utotoni," aliniambia. "Ukimtuma maji, anarudi na ndoo kavu na hadithi ndefu."

Meneja akampa huyo mdogo mtu kazi yake ya kwanza: kiti kimoja kilikuwa kinauzwa kwa abiria wawili, watu wanakunjana mashati mlangoni mwa basi. Akakaa nayo, akaandika kwenye ghala la kale, akasema amerekebisha. Simu za wateja hazikukoma. Akarekebisha upya. Abiria wakaendelea kupakatana.

"Nimerekebisha, dada. Kwenye mashine yangu kiti kinauzwa mara moja tu."

"Kwenye mashine yako! Hata ile ndoo ilijaa kisimani, sivyo?"

Nikacheka, Mungu anisamehe. Hakikisha hakucheka. Alianza kumvizia mdogo wake, anapita nyuma ya kiti chake akijifanya anatafuta kalamu. Nyumbani alimhoji hata mama yao kama kuna jambo anamfichia.

Kisha meneja akasema, mbele yetu sote, kwamba malalamiko yakiendelea hadi Ijumaa, yule bwana aende zake. Akamgeukia Hakikisha. "Wewe ni dada yake. Anafanya kazi, au anatuzuga?"

Hakikisha akatazama meza. "Mimi simdhamini."

Nilipandwa na hasira. Meneja alipotoka tu nikamwambia, "Damu yako ile! Una moyo gani wewe?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," akanijibu.

Wiki hiyohiyo alikuwa amepewa kazi ya kuiboresha skripti yake, kwa kuwa ilikwenda mwendo wa kobe. Alikuwa hajaifungua kwa muda mrefu. Ana tabia ya kujisomea kwa sauti, basi nikawa namsikia ananung'unika mstari kwa mstari, mpaka akakwama kwenye mmoja.

"Njoo uone," akasema.

Pale katikati palikuwa na amri aliyoiandika mwenyewe: "Badiliko la mtu nisiyemjua lisivuke, liwekwe kando mpaka nilikague." Zamani kila mgeni alipoingia alimkagua, kisha akamruhusu. Wageni wakaadimika, naye akasahau kwamba lile lango lipo. Tukafungua huko kando. Loo! Kazi zote za mdogo wake zilikuwa humo: dawa ya kile kiti, dawa ya pili, na mengine aliyoyaandika akiwa amekata tamaa, yote na jina lake. Skripti ilikuwa inayaacha hapo na kutuandikia "Imekamilika."

"Kila mtu nilimshuku," Hakikisha akasema. "Hata mama. Hii sikuishuku." Akalia, hakujali nani anamwona.

Alimruhusu mdogo wake, kazi zikavuka, tukajaribu: kiti kimoja, abiria mmoja. Tukaenda kwa meneja, Hakikisha akasema, "Kosa ni langu, mdogo wangu hakudanganya." Meneja akalifuta neno lake. Tuliporudi tukamkuta mdogo wake anakunja waya wa chaja, begi liko begani. Hakutaka kungoja kufukuzwa.

"Mdogo wangu, nisamehe," Hakikisha akamwambia. "Ulirekebisha tangu mwanzo. Skripti yangu ndiyo iliyokuzuia. Sasa kazi yako yote imevuka, na meneja amesema ubaki."

Yule bwana akamwangalia uso muda mrefu. Akavuta kiti bila kushusha begi, akafungua ghala jipya, akaanza kupitia mabadiliko yake moja baada ya jingine.

"Ngoja nihakikishe," akasema.

Dada yake akasimama nyuma ya kiti, akingoja kuaminiwa.