Mheshimiwa Geddes na Kifungu cha Vicheche

Siku barua ya gavana ilipofika bonde la Glenorrie, kusini kabisa mwa New Zealand, Ninian Geddes alikuwa amembana kondoo dume kati ya magoti akimchonga kwato. Barua ililetwa na Tam Purdie, mfua chuma, na bahasha ilikuwa imefunguka njiani, yenyewe, kama bahasha zote zilizopitia mikononi mwa Tam.

"Inuka, mzee, umekuwa mheshimiwa," Tam alisema. "Umeteuliwa mjumbe wa Baraza la Juu la koloni. Mpaka kufa."

Ninian hakumwachia kondoo. "Kwani nimekosa nini?"

Kwa nini ateuliwe yeye, hakuna aliyejua vizuri. Alikuwa mtoto wa mfuma nguo wa Uskoti aliyevuka bahari na sanduku moja, na kondoo wake arobaini wakawa elfu nne. Wengi walidhani serikali ilitaka mtu wa kusini asiye na maadui. Hilo lilikuwa kweli, maana Ninian hakuwahi kumaliza sentensi ndefu ya kutosha kumuudhi mtu. Kazi ya kusema ilikuwa ya mkewe, Grizel, naye aliifanya kwa niaba ya wote wawili.

Basi kila majira ya baridi akapanda meli kwenda Wellington, amevaa koti jeusi alilolishona Grizel, pana mabegani kwa sababu Grizel aliamini uheshimiwa ungemnenepesha. Kule wabunge wa Bunge la Chini walichaguliwa na watu, kwa hiyo waligombana. Wa Baraza la Juu waliteuliwa, kwa hiyo walilala. Palikuwa na viti vyekundu, moto mzuri wa makaa, na wazee wenye ndevu waliokoroma kwa zamu.

Ninian alikaa karibu na Mheshimiwa Septimus Thorold, Mwingereza tajiri wa Canterbury, aliyempenda kwa kuwa alisikiliza.

"Ndugu yangu," Thorold alimwambia siku ya kwanza, "ukisikia jambo jipya humu, likatae. Kama ni zuri litarudi lenyewe."

Wakati wa kura kengele ilipigwa, wanaokubali wakaenda kulia kwa Spika, wanaokataa kushoto. Thorold alikwenda kushoto. Ninian akafuata koti la Thorold. Miaka minne ikapita hivyo, koti mbele, Ninian nyuma, wala hapakuwa na aliyedhurika.

Mwaka wa tano ukaja mswada wa vicheche. Sungura walikuwa wameimaliza nyasi ya nchi, na serikali ikaleta vicheche kutoka ng'ambo wawale. Sasa ilitaka anayeua kicheche apigwe faini, na asiyelipa afungwe. Taabu ni kwamba vicheche waligundua mapema kuwa sungura hukimbia, ila kuku wa Grizel wamefungiwa.

"Sikiliza, Ninian," Grizel alisema, akimsongezea bakuli la uji wa oti. "Kiwekwe kifungu. Isipokuwa kicheche aliyekutwa ndani ya banda la kuku. Maneno machache tu. Utaweza?"

"Nitajaribu."

"Sikukuuliza kama utajaribu."

Alijifunza hotuba yake melini, akiwahutubia samaki. Siku ilipofika alisimama, akasema dakika sita nzima juu ya kuku, mayai na jasho la akina mama wa mashambani. Wajumbe wawili waliamka. Mmoja akasema, "Naam, naam!" Ninian akakaa, masikio yakiwaka moto, moyo ukimdunda kama wa bwana harusi. Alikuwa amesema! Alitamani Grizel angemwona.

Kengele ikalia. Thorold akainuka. Na Ninian, ambaye bado alikuwa angani akielea juu ya naam-naam zile, akainuka, akalifuata koti.

"Kulia, kumi na watatu," Spika alitangaza. "Kushoto, kumi na wanne. Kifungu cha Mheshimiwa Geddes kimekataliwa."

Thorold aligeuka, akamkuta nyuma yake. "Geddes! Wewe unafanya nini huku?"

Ninian alilitazama koti lililo mbele yake, kisha miguu yake mwenyewe.

Mswada ukapita bila kifungu hicho, ukawa sheria. Nyumbani alikiri mezani, macho kwenye viazi. Angeweza kuficha, lakini magazeti yalikuwa yamemtangulia, na Tam Purdie alikuwa ameshaisoma habari ile kwa sauti karakanani kwake, mara tatu, kwa maombi ya wateja. Grizel hakugomba. Alinyamaza siku tatu, na siku hizo Ninian alikula, akalala na kuomba msamaha kimya kimya, akitamani agombezwe kama watu wengine.

Siku ya nne asubuhi kuku walipiga kelele. Grizel akatoka na beleshi. Aliporudi alivaa kofia yake ya kanisani, akamshika kicheche mkia, akatembea maili mbili hadi kwa Konstebo Hanrahan.

"Nimemuua mimi," alisema, akimlaza mezani. "Andika."

"Mama, jamani," Hanrahan alimsihi, "mzike tu bustanini. Mimi sijaona kitu."

"Umeona. Huyu hapa. Na jina langu ni Bibi Geddes, mke wa mheshimiwa. Liandike vizuri."

Mahakamani alijaa kila mwenye miguu. Hakimu alimtoza faini ndogo kuliko zote. Grizel akakataa kuilipa, na Ninian alipotia mkono mfukoni, mkewe akamtazama tu, mkono ukarudi nje mtupu. Grizel akalala mahabusu usiku mmoja, yaani kwenye kitanda kizuri cha mke wa Hanrahan, wakila nyama ya kondoo na kucheka hadi konstebo mwenyewe akahamia jikoni. Aliporudi alikuwa ameanza kusema tena.

"Sasa nenda," alimwambia mumewe. "Na safari hii tazama unakokwenda."

Kikao kilichofuata Ninian alikileta tena kifungu chake, akasimama bila karatasi.

"Waheshimiwa, mwaka jana nilipiga kura kuyapinga maneno yangu mwenyewe. Kwa ajili hiyo mke wangu amelala mahabusu. Mimi ndiye ninayeishi naye. Nawaombeni."

Kicheko kikawaamsha hata wale waliolala tangu mwaka juzi. Kengele ilipolia, Ninian alikwenda kulia peke yake, polepole, akihesabu hatua. Hakuthubutu kugeuka. Kisha akasikia mtu anahema nyuma yake.

"Sogea kidogo," Thorold alinong'ona. "Sijawahi kufika upande huu. Kuna baridi."

Kifungu kikapita. Ninian alikimbilia posta, pamoja na umri wake, akapeleka simu ya maandishi: *Kimepita.* Jibu la Grizel lilifika kabla ya chakula cha mchana: *Hongera. Jana kuku tisa wameliwa. Njoo na waya.*

Alipanda meli Jumamosi na marobota mawili ya waya wa banda. Baharia alipotaka kumsaidia, Mheshimiwa Geddes alikataa, akayabeba mwenyewe, moja kila bega, na kwa mara ya kwanza lile koti likamkaa sawasawa.