Umesikia?

Mpaka leo, nikiwa naanika dagaa ufukweni Kibirizi, mtu mwenye harufu ya gongo akiniinamia, nabana pumzi. Sikusudii. Mwili wangu ulijifunza hivyo nikiwa mtoto, nyumbani kwetu Ujiji, maana mama alipika gongo na kuinywa kuliko wateja wake.

Nilipokuwa darasa la tatu alifungwa. Huko gerezani palikuwa na kikundi cha akina mama, wakikaa na mshauri kila wiki wajifunze kuacha pombe. Aliyejitahidi aliruhusiwa kukaa mkekani na mwanawe, badala ya kuongea naye kwa mbali. Mama alipata siku yake baada ya miezi mingi.

Nilikwenda na bibi, mama yake mama. Tulibeba ugali wa muhogo na dagaa wa mawese.

"Leo ongea," bibi alinionya njiani. "Usikae kama gogo."

Mlangoni askari wa kike alinitaka nionje chakula, ndio utaratibu wao. Nilionja, nikaonja tena. Akacheka. "Basi, binti. Mwachie na mama yako."

Mama alikuwa amenenepa kidogo. Alinipakata japo nilikuwa mkubwa, akaniambia nimheshimu bibi, nisikose shule. Halafu akaniinamia, mdomo wake karibu kabisa na pua yangu, akapuliza polepole.

"Umesikia?"

Nilidhani anauliza kama nimeyashika maneno yake. "Nimesikia, mama."

Akafumba macho, akatabasamu. Akamgeukia bibi. "Amesikia." Bibi akajifuta uso kwa khanga.

Mama alitoka. Alikaa wiki chache tu, akarudia gongo. Sasa mimi ndiye ninayemvua viatu akirudi, na bado nabana pumzi.

Juzi mteja mmoja alinusa dagaa wangu, akampelekea mwenzake kiganja puani. "Unasikia? Hawa ni wa leo."

Nilikaa chini pale pale mchangani. Siku ile mama hakuwa ananiuliza habari ya bibi wala shule. Alikuwa ananionyesha pumzi yake, isiyo na pombe, kitu pekee alichokuwa nacho cha kunipa. Sijamwambia, nawaambia ninyi. Alipoinama tu, nilikuwa nimeshabana pumzi yangu.