Mimba Aliyoilea Mama Mkwe

Miaka ile hedhi yangu ilikuwa ikipotea miezi mitatu, minne, na mimi sikuitafuta. Nilishazoea. Hata ndevu za kidevuni nilizinyoa kimyakimya, mume wangu akiwa bado amelala.

Mama mkwe alitoka Butiama baada ya mavuno akaja kukaa nasi Bunda. Hakuuliza kitu. Aliangalia kamba ya nguo isiyoanikwa vitambaa vya hedhi, akaangalia tumbo langu lililokuwa linanenepa, akajumlisha. Kesho yake nikakuta uji wa ulezi mezani. Keshokutwa, udongo wa wajawazito umefungwa kwenye gazeti.

Ningekanusha hapohapo. Lakini miaka sita ya ndoa hakuna aliyekuwa amenidekeza hivyo! Uji nikanywa, udongo nikauficha. Yeye akapigia simu jumuiya yake kijijini, wakaanza kuniombea kila Jumamosi. Njia ya mwongo ni fupi; mwisho wake niliuona, nikazidi kutembea.

Mume wangu, aliyejua hakuna mimba, ndiye aliyenishika mkono tukaenda Musoma. Daktari alinipima damu na kunipiga picha ya tumbo. Homoni zimevurugika, alisema, na ovari zina vifuko vidogo vingi. Mayai hayapevuki inavyotakiwa. Mtoto anaweza kupatikana, kwa dawa na subira. Halafu akaongeza nisiyoyatarajia: hedhi ikikaa muda mrefu bila kuja, ukuta wa kizazi hunenepa, na baadaye unaweza kuleta saratani. Sukari nayo huwanyemelea wenye hali hii. Nitembee sana, nile kwa kipimo, nirudi kupimwa.

Njia nzima ya kurudi nilipanga majibu ya kumpa mama mkwe. Akisema mwanawe aoe mwingine, nitajibu hivi. Akisema nimemfanya mjinga, nitajibu vile.

Tulimkuta uani anachambua dagaa. Nilipiga magoti nikasema yote, na uongo wangu nikautaja. Mikono yake ilisimama. Nilijua alikuwa anamzika mjukuu wake palepale, na iliniuma kuliko maneno ya daktari.

"Hiyo kitu inauaga mtu?" aliuliza.

"Nikijitunza, hapana, mama."

"Usinidanganye tena."

"Sikudanganyi."

Alinitazama hadi nikainamisha macho.

"Mimi nilishazika binti mmoja," alisema. "Wa pili siwezi."

Kati ya majibu yangu yote, hakuna hata moja lililofaa. Nililia tu.