Kitasa cha Mlango wa Mama

Mjini walimwita Fundi Vitasa, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ofisi, kidogo kiasi kwamba ukipiga chafya humo funguo zote za ukutani zinaitikia. Alikaa humo miaka kumi na minane akichonga funguo na kuwafungulia watu waliojifungia nje. Nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, mlango mmoja ulikuwa na vitasa vitatu. Jirani aliyepakana naye ukuta kwa miaka sita alimjua kwa kikohozi tu.

Lakini tusimwonee, hakuzaliwa hivyo. Wiki yake ya kwanza mjini, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa akipita kwenye korido za jengo lile akimwamkia kila kiumbe mwenye miguu miwili. Shikamoo huku, habari za asubuhi kule, watoto hawajambo? Siku ya nne mama mmoja wa ofisini aliubana mkoba wake kwapani akamtazama juu mpaka chini. "Kwani tunajuana?" akauliza. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, wakambatiza Mzee wa Salamu. Aliona aibu, masikio yakawaka moto, na tangu siku hiyo akajirekebisha. Mtu akigonga, muulize shida yake kwanza. Salamu itafuata kama kuna nafasi. Somo lilimwingia barabara, maskini, na ndilo lililomponza.

Mama yake aliishi mji mdogo ulio mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, pamoja na dada yake mkubwa. Dada huyo alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, akitoka alfajiri na kurudi jioni nguo zikiwa nyeupe kwa unga. Mwaka huo fundi alifunga kibanda wiki nzima ili akamwone mama. Na kwa kuwa mwana hafiki kwa mama mikono mitupu, alichukua zawadi iliyomjaza fahari: kitasa kipya, cha shaba, cha aina ile ambayo ukisukuma mlango tu unajifunga wenyewe.

Asubuhi ya kwanza alitoka kuoga, taulo kiunoni, akamkuta mwanamke sebuleni anajimiminia chai. Alikuwa Mama Mapacha, jirani wa nyumba ya pili, ambaye fundi alipougua surua utotoni alimbeba mgongoni mpaka hospitali.

"Kitinda!" akashangilia, kwa jina la utani la nyumbani, maana fundi ndiye kitinda mimba. "Umenenepa! Hebu geuka nikuone vizuri."

Fundi hakugeuka. Alilishika taulo kwa mikono miwili akarudi chumbani kinyumenyume. Alipotoka amevaa, Mama Mapacha alikuwa ameshaingia chumba cha mama bila kumwomba mtu ruhusa, mlango umerudishwa, na kicheko kinasikika. Umbea huo, fundi akajisemea. Umbea saa tatu asubuhi.

"Mama, huyu anaingia tu?" akauliza jirani alipoondoka.

"Aingieje tena?"

"Namaanisha bila kugonga."

"Mlango uko wazi, baba. Agonge nini?"

Fundi akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu wa mjini anayewahurumia ndugu zake. Akamweleza mama habari za wezi na za faragha, na jinsi watu waliostaarabika wanavyopigiana simu kabla ya kutembeleana. Mama alisikiliza kichwa kikiwa upande kidogo, kama alivyozoea siku hizo, kisha akasema, "Wewe ndiye unayejua mambo hayo, mwanangu." Fundi alidhani amekubaliwa. Mchana ule akatoboa mlango, akachimba nafasi kwa patasi, akafunga kitasa. Kazi ilikuwa safi, hilo hatumnyimi. Akampa mama ufunguo mmoja, dada mmoja, na wa tatu akautia mfukoni mwake.

Kesho yake, saa tatu ileile, mlango ukasukumwa ukagoma. Ukasukumwa tena. Ndipo ukagongwa, polepole. Fundi akafungua nusu, akasimama pale katikati, mkono mmoja kwenye kitasa kama alivyosimama maelfu ya mara kwenye kibanda chake.

"Ndiyo," akasema. "Nikusaidie nini?"

Mama Mapacha alimtazama. Mkono wake ukaenda shingoni ukatengeneza mtandio uliokuwa umekaa sawasawa.

"Nilikuja kumjulia hali mama yako tu."

"Mama amepumzika. Siku nyingine ukipiga simu kwanza itakuwa vizuri zaidi."

"Sawa, baba," akasema Mama Mapacha. Si Kitinda tena. Akaondoka.

Mama alikuwa kwenye kiti, hatua tano kutoka hapo, na alisikia kila neno. Aliomba tu aletewe chai, na kikombe alipopewa alikipapasa kwanza kabla ya kukishika. Fundi alikiona kitendo hicho kwa macho yake mawili mazima, akadhani ni uzee.

Siku ya tatu ya ziara jirani hakuja, wala ya nne. Fundi akaona nyumba imetulia. Alimpigia simu hata mkewe aliyebaki mjini, akamwambia kwamba mambo ameyaweka sawa.

Siku ya tano jioni dada alirudi kazini, akaingia chumba cha mama kutafuta kitu, akatoka na kichupa kidogo cha dawa. Alikishika mbele ya dirisha, akakitikisa.

"Mama, mbona dawa haipungui? Hii ilitakiwa iishe leo. Kwani Mama Mapacha haji?"

"Ana shughuli zake," mama akajibu upesi.

"Shughuli gani? Nimempita sasa hivi amekaa kibarazani peke yake, nikamsalimu akaitikia kwa mbali."

"Dawa gani hiyo?" fundi akauliza.

Dada akamtazama mama, mama akainamisha uso. Basi ikabidi dada aseme. Mama alikuwa na presha ya macho, mwaka wa pili sasa. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia lilishikiliwa na matone ya kichupa kile, asubuhi saa tatu na usiku saa tatu, na daktari alionya kwamba kinachopotea hakirudi. Ya usiku alitia dada. Ya asubuhi, dada akiwa kwenye tanuri, alitia Mama Mapacha, kila siku ya Mungu, mvua au jua, tangu siku ya kwanza. Mama ndiye aliyekataza mwanawe wa mjini asiambiwe, asije akapata wasiwasi huko aliko.

Fundi akahesabu asubuhi zilizopita tangu aufungue mlango nusu. Zilikuwa nne.

"Mama, kwa nini hukuniambia? Mimi nilikuwa hapa hapa!"

"Ulikuwa umefurahi sana na kitasa chako," mama akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Na nilijua siku zako ni chache. Nikasema nivumilie tu, ukiondoka mambo yatarudi kama zamani."

Mama yake alikuwa amehiari kulihatarisha jicho moja lililobaki, akisubiri mwanawe aende zake. Fundi aliona aibu ambayo ile ya korido, ya Mzee wa Salamu, mbele yake ilikuwa mchezo wa watoto. Ile alifanyiwa na watu baki. Hii aliileta mwenyewe, akaitobolea mlango kwa mkono wake.

Asubuhi yake alijaribu kutia dawa mwenyewe. Mikono ile iliyozoea kuvua kitasa kibovu bila kuukwaruza mlango ilishindwa kulenga jicho. Tone la kwanza likaangukia shavuni, la pili kwenye nyusi. Mama akafumba macho, akaifuta dawa kwa kiganja.

"Acha, baba," akasema taratibu. "Unaimaliza bure. Kamwite mwenyewe."

Hatua arobaini hadi nyumba ya pili hazijawahi kuwa ndefu vile. Mlango wa Mama Mapacha ulikuwa wazi, naye alikuwa akifagia. Fundi alimwamkia, akaanza kueleza, maneno yakamgongana mdomoni: samahani, sikujua, kule mjini sisi... Mama Mapacha hakumwacha amalize. Aliuegemeza ufagio ukutani.

"Dawa ametiwa leo?"

"Bado."

"Twende."

Afadhali angemtukana. Njia nzima fundi alingoja atukanwe, hata kibao angekipokea kwa shukrani, lakini Mama Mapacha alitembea mbele haraka. Alinawa mikono kwa sabuni, akaingia chumbani. Safari hii hakuurudisha mlango. Fundi akamwona alivyomlaza mama kichwa mapajani, akalivuta kope la chini kwa kidole kimoja, akadondosha tone moja, katikati kabisa. "Usipepese," akamwambia, "hesabu mpaka kumi." Mama akahesabu kwa sauti kama mtoto wa shule, akakosea makusudi baada ya saba, na wote wawili wakaangua kicheko. Ndicho kicheko alichokiita umbea.

Fundi akaona bora afanye anachokijua. Alichukua bisibisi, akapiga magoti mlangoni, akaanza kukifungua kitasa, skrubu moja baada ya nyingine. Waliporudi sebuleni walimkuta hapo, kitasa kimeshang'oka na mlango umebaki na tundu linalopenyeza mwanga.

Mama Mapacha akalipita tundu lile kwa macho tu. Aliketi karibu na mama, akajimiminia chai.

"Huyu mgeni wako," akamwuliza, "anaondoka lini?"

"Kesho kutwa," mama akajibu.

"Basi si siku nyingi."

"Si nyingi," mama akasema.

Fundi alinyanyua uso pale sakafuni. Alisubiri mama aseme kwamba huyu si mgeni, huyu ni mwanangu. Alisubiri, bisibisi mkononi, mpaka wale wawili wakaanza kuzungumza mambo mengine.