Barua Aliyoificha Daktari Kibiwott

Daktari Roselyne Nasambu alizalisha akina mama kwa miaka minne katika hospitali ya binafsi mjini Kitale. Siku ya kwanza kazini, mwenye hospitali, Daktari Kibiwott, alimwambia, "Binti yangu, wewe shika wagonjwa. Mambo ya bima niachie mimi." Akamwachia. Mzee huyo, aliyemwita mwalimu, ndiye aliyemshika mkono aliposhona mgonjwa wake wa kwanza, angemshuku vipi?

Agosti 2006 aliagwa kwa keki na maombi, akaenda kufungua kliniki yake Bungoma. Mwaka 2008 akaletewa karatasi za korti. Lorna Jerono, mkulima wa huko Kitale, alikuwa amemshtaki: mwanawe alizaliwa mwaka 2005 baada ya bega kukwama, na tangu Nasambu amvute, mkono wa upande ule haukupata nguvu.

Nasambu alishtuka, lakini hakukata tamaa. Si alikuwa na bima? Akaenda Kitale, ofisi ya bima.

Karani, Wakoli, alipekua faili. "Daktari, bima hii inalipa dai likiletwa ukiwa bado kwa orodha ya madaktari wa hospitali. Kosa kutokea ukiwa kwa orodha haitoshi. Wewe ulitolewa ulipoacha kazi."

"Sasa ningejuaje mtu atashtaki baada ya miaka miwili?"

"Kuna nyongeza ya kulinda miaka ya nyuma, mtu hununua akiondoka. Hawakukuambia?" Wakoli akapitia karatasi za korti, akasita. "Lakini ona, huyu mama aliandikia hospitali Machi 2006. Mhuri wa kupokea ndio huu. Hiyo barua ingefika kwetu wakati huo, bana, tungeihesabu kama dai, tungekusimamia."

Machi. Kutoka Machi hadi Agosti alikunywa chai ya saa nne na Kibiwott, meza moja, kila siku ya kazi.

Alimkuta ofisini mwake. Mzee hakukana. Alivua miwani, akaifuta kwa koti.

"Ningepeleka ile barua, wangepandishia hospitali nzima malipo ya bima. Na wewe ulikuwa umeshaniambia unaondoka."

"Ulinikatia keki ukijua."

"Nilidhani yule mama atachoka."

Hakuomba msamaha. Nasambu alitoka bila kuaga, na hakuwahi kumwita mwalimu tena.

Kesi iliisha mwishoni mwa 2009. Jaji aliwagawia lawama yeye na hospitali, na fungu lake la fidia likameza shamba la kijijini Matulo alilorithi kwa babake.

Nje ya korti Lorna alimsogelea, mtoto akiwa ubavuni.

"Daktari, sisi hatukutaka kesi," alisema. "Katika ile barua tuliomba tu uje utueleze mkono ulipatwa na nini. Tulingoja. Tukaona umetudharau."

Nasambu alitaka kusema barua ile haikumfikia. Badala yake aliketi kwenye benchi, akamwomba mtoto amwonyeshe mkono, akaanza kumweleza mamake tangu mwanzo.