Saa Tatu ya Karatasini

Bora niseme mwenyewe, maana Matemwe nzima wanajua. Nilipewa kazi ya kuwaandikia wanagenzi maelezo ya mashine ya kuonyeshea filamu. Mwendo wa picha ulipangwa kwa mshale uzungukao kama wa saa, ila pasipo tarakimu. Kitabu cha Kizungu kilisema ukielekea pale ambapo saa huwa na tatu, picha huenda taratibu. Penye tisa, hukimbia. Nami, mzaliwa wa Kikwajuni nijidaiye kwa Kiswahili changu, nikaandika kwa hati ya kuringia: “Elekeza mshale saa tatu.”

Bi Zuhura, mwanagenzi wetu, akayafuata maelezo yangu mbele ya akina mama, darasani, madirisha yamezibwa kwa kanga. Filamu ilifundisha kumwogesha mtoto mchanga. Mama wa kwenye picha akamsugua mwanawe mbio mbio kama sufuria, akamgeuza, akamchovya. Watu wakacheka. Kisha bibi mmoja akauliza, kwa huzuni, kama ndivyo tunavyotakiwa siku hizi.

Nikamfokea Bi Zuhura: “Si nimeandika saa tatu?”

“Ndiyo nliyoweka, bwana. Hebu tazama saa yako.”

Nikatazama. Ilikuwa saa tatu kamili ya asubuhi, na mshale mfupi umelala kwenye tisa.